Mkono wa fundi

Leo asubuhi nimepita karakana ya fundi mmoja wa kuchonga milango hapa Mji wa Kale, Lamu. Nikamkuta kijana anamwonyesha picha ya mlango kwenye simu: "Ami, nataka huu huu. Kila mtu anao sasa."

Fundi hakubishana. Aliitazama, akarudi kwenye mfaa wake, ule ubao wa katikati ya mlango, wa mti wa mbambakofi.

Penseli sikioni, patasi mkononi. Anagonga, anapuliza vumbi, anapapasa kwa kidole gumba. Ua moja limemzidi mwenziwe kidogo, upande wa kushoto. Nikamuuliza mbona.

"Huo ndio mkono wangu."

Jamani, maneno hayo yamenikaa moyoni siku nzima.

Simu zinatuchagulia sebule ile ile, nguo zile zile, hata la kusema, nasi twapokea tu. Mji huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na bado naogopa siku tutakapopita mitaani tusijue mlango upi ni wa nani.

Kijana bado anataka ule wa kwenye picha.

Kwenu mlango ulichongwa na nani? Tumeni picha, hasa za zamani. Nataka kuyaona maua yenu.