Mfereji wa Jinja na jiko la shangazi

Mnamo Mei 2020, Nairobi ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona na sisi tuliokuwa ndani hatuna ruhusa ya kutoka, shangazi yangu alinipigia simu kutoka kwake upande wa Homa Bay. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamefika kwenye kizingiti cha jiko lake. Kila jioni alikuwa akichomeka kijiti mahali maji yalipoishia, na kijiti cha juzi kilikuwa kimeshamezwa. Redioni alikuwa amesikia kwamba Uganda wameongeza maji wanayoyaachia pale Jinja, kwenye bwawa ambapo ziwa linatokea kuingia Nile. "Sasa wewe uliyesoma," akaniambia, "wakishafungua huko, huku kwangu yatashuka lini?"

Nilimwomba anipe muda, nikatafuta daftari. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Maji yaliyokuwa yakiachiwa, kwa takwimu zilizotangazwa mwaka ule, yalifikishwa mita za ujazo 2,400 kwa sekunde, kiasi ambacho ukisimama kando yake kinakutisha. Nilipozidisha kwa sekunde za siku nzima nilipata zaidi ya mita za ujazo milioni 207, na nilipozigawanya juu ya uso wa ziwa lote nikabaki na milimita 3. Milimita 3 kwa siku, tena kwa kudhani kwamba hakuna mto unaoingia, hakuna tone linalonyesha na hakuna jua linaloyageuza maji kuwa mvuke. Kwa mwendo huo, kulishusha ziwa mita moja tu kungechukua takriban miezi 11, na mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya ziwa zima ingefuta kazi ya siku 10.

Sikujua namna ya kumwambia mtu ambaye maji yako mlangoni kwake kwamba jibu ni milimita 3.

Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na maneno tunayoyatumia tunapolijadili ziwa hili, hasa neno "kudhibiti." Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Victoria hunyesha moja kwa moja juu yake; Kagera, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Mara na mito mingine huleta sehemu iliyobaki. Sehemu kubwa ya yanayotoka hupanda angani kama mvuke. Mlango pekee ambao binadamu ameushika ni ule wa Jinja, Nile inapoanzia, ambapo bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Kabla ya hapo maji yalikuwa yakimwagika juu ya miamba kulingana na urefu wa ziwa lenyewe. Waliojenga bwawa walikubaliana na Misri kwamba kiasi kinachoachiwa kitaendelea kufuata mwenendo uleule wa asili: ziwa likiwa juu maji mengi, likiwa chini maji machache. Misri hata ilichangia gharama ili bwawa liinuliwe kwa mita moja, na ikaweka mhandisi wake Jinja wa kuangalia kwamba mapatano yanafuatwa. Sisi wa ufuo wa Kenya, ambao tuna kama asilimia 6 tu ya ziwa, hatukuwa na mtu wa kutusimamia hapo, na Tanzania, yenye karibu nusu yake, haikuwa naye pia.

Mapatano hayo yalijaribiwa miaka michache baada ya mwaka 2000, kituo cha pili cha Kiira kilipokuwa kimeshaanza kufua umeme pembeni mwa kile cha kwanza, huku Uganda ikiwa na kiu kubwa ya umeme na ukame ukiwa umeingia. Maji yaliyoachiwa yalizidi yale ambayo mapatano yaliruhusu. Daniel Kull, mtaalamu wa maji aliyekuwa akifanya kazi na Umoja wa Mataifa hapa Nairobi, alikadiria mapema mwaka 2006 kwamba takriban asilimia 55 ya kushuka kwa ziwa katika miaka miwili iliyotangulia ilitokana na maji yaliyoachiwa kupita kiasi, na iliyobaki ilitokana na ukame. Ziwa lilifika chini kuliko lilivyowahi kuwa kwa zaidi ya miaka 80. Nilikwenda kwa shangazi mwaka huo nikatembea kwa miguu hadi kwenye nguzo za gati ambalo utotoni tulikuwa tukirukia majini kutoka juu yake. Mafunjo yalikuwa makavu, yanavunjika mkononi kama mabua, na wavuvi walilalamika kwamba ngege hawana tena pa kutagia.

Ni haki niseme pia kwamba sisi wa Nairobi si watazamaji katika jambo hili. Tangu miaka ya 1950 jiji hili limekuwa likivuta umeme kutoka Jinja. Mtu anaweza kula omena wake wa jioni chini ya taa inayowashwa na maji yaleyale ambayo mwenye kumvua omena huyo angependa yabaki ziwani. Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaomlaumu mwenye bwawa peke yake, kana kwamba umeme ni anasa ya Uganda.

Lakini katika mwaka ule wa 2006 lilitokea jambo ambalo sikulielewa hadi shangazi aliponipigia simu. Maji yaliporudi nyuma yaliacha ardhi nyeusi, yenye rutuba, isiyokuwa na mawe. Watu waliifuata. Walipanda sukuma wiki, wakajenga vibanda vya kukaushia omena, kisha nyumba. Jiko la shangazi lilijengwa mwaka 2007, hatua kama 40 chini ya lile la zamani, kwa sababu kuchota maji kulikuwa karibu. Hakuna aliyemwambia kwamba mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, ziwa lilikuwa limepanda hadi mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja (kipimo hicho si kina cha ziwa, ni namba za kwenye rula yao tu). Wazee walijua. Mei 2020 ziwa likafika mita 13.42, sentimita moja juu ya pale.

Ndipo nikaona ubaya wa mfereji huu wa Jinja. Ukiachwa wazi kupita kiasi kwa miaka, unaweza kulishusha ziwa taratibu na kuwaita watu wateremke nalo. Mafuriko yakija, mfereji huohuo hauna nguvu ya kuwaokoa. Na hata ukifunguliwa wote, maji hayapotei: mwaka 2020 kando za Ziwa Kyoga zilifurika, na huko Sudan Kusini, kwenye vinamasi vya Sudd, watu wameishi na mafuriko kwa miaka kadhaa, ziwa letu likiwa mojawapo ya sababu. Milimita 3 za shangazi ni nyumba ya mtu mwingine huko Jonglei, Sudan Kusini. Na kama kwa kejeli, Aprili ya mwaka uleule kisiwa cha mimea kinachoelea kilikwenda kuziba mitambo ya Jinja, na Uganda nzima ikawa gizani.

Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake Kisumu, na nchi zinazolizunguka ziwa zinakutana hapo. Ningependa kiasi kinachoachiwa Jinja kisomwe redioni kila wiki, kwa Kijaluo na Kiswahili na Kiganda, kama tunavyosomewa bei za mahindi. Ningependa pia mstari wa 1964 upigwe kwa rangi kwenye mawe na miti ya kila bichi, ili anayeshuka chini yake ajue anashuka.

Shangazi nilimpigia usiku uleule nikamwambia ahamishe jiko. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huko Nairobi tumepata samaki wiki hii, maana kwake wameingia hadi sebuleni.