Lupubaki: anwani isiyolala laini ikilala

Swichi ya Shela, kisiwani Lamu, inayopokea intaneti kwa redio mbili, moja ikitazama mji wa Amu na nyingine ikitazama Manda, haifai kusimamiwa kwa anwani iliyo kwenye poti ya redio. Poti ikianguka, anwani yake huanguka nayo. Swichi inaendelea na kazi kwa redio ya pili, lakini fundi aliye Langoni, mtaa wa Amu, haioni tena, na anapanda boti kwenda kukagua kifaa kizima.

Anwani ya usimamizi iwekwe kwenye kiolesura cha lupubaki (loopback), yaani poti ya kubuni. Hicho hakina waya wala plagi ya kuliwa na hewa ya chumvi. Kimo ndani ya programu ya swichi, na huwa hai maadamu swichi ina umeme na hakuna aliyekizima kwa amri.

Hapa nazungumzia swichi ya Cisco ya tabaka la 3, yaani inayoweza kuelekeza data kati ya mitandao kama ruta. Tumia waya wa konsoli, unaounganisha kompyuta na swichi moja kwa moja, usiingie kwa mbali: ukiandika `ip routing`, amri ya kuwasha uelekezaji huo, ile `ip default-gateway` ya zamani (njia ya kutokea nje) hupuuzwa papo hapo, na unaweza kukatika katikati ya kazi.

```
ip routing
interface loopback 0
 ip address 10.255.0.3 255.255.255.255
interface gigabitethernet 1/0/1
 no switchport
 ip address 10.20.1.2 255.255.255.252
interface gigabitethernet 1/0/2
 no switchport
 ip address 10.20.1.6 255.255.255.252
```

Maski, zile nambari zinazofuata anwani, huonyesha ukubwa wa mtandao. Ya lupubaki inasema hii ni anwani moja peke yake. Ile ya poti za redio inatoa anwani 4, na 2 ndizo za kutumika: moja huku, moja kule. `no switchport`, inayoifanya poti ishike anwani kama ya ruta, lazima itangulie, la sivyo swichi inaikataa anwani.

Tofauti na lupubaki, `interface vlan 10`, kiolesura cha VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ya wageni, ndiyo inayopotezea watu muda. Unaipa anwani, unaandika `no shutdown`, bado imelala. Angalia kama VLAN 10 yenyewe imeundwa, kisha kama kuna walau poti moja ya VLAN hiyo iliyo hai.

Lupubaki nayo ina mtego wake. `show ip interface brief` itaonyesha iko hai, kumbe ruta ya Amu haijui njia ya kuifikia. Unaweza kuandika njia kwa mkono kwenye ruta hiyo, lakini kwa redio siipendi. Redio ikipoteza mawimbi huku ina umeme, poti hubaki inawaka, na njia ya mkono huendelea kupeleka data baharini. OSPF, itifaki ya ruta kupashana habari za njia, hugundua: salamu zisipofika kwa sekunde 40, muda wa kawaida kwenye Ethernet, jirani huhesabiwa ameondoka na njia ya Manda hushika.

```
router ospf 1
 network 10.255.0.3 0.0.0.0 area 0
 network 10.20.1.0 0.0.0.7 area 0
```

Nambari za pili ni maski iliyogeuzwa, 0.0.0.7 inazikusanya poti zote mbili kwa mstari mmoja. Ruta za Amu na Manda nazo ziwashiwe OSPF kwenye eneo hilo hilo (`area 0`).

Hifadhi kwa `copy running-config startup-config` kabla ya kujaribu chochote, maana umeme ukikatika yote yamekwenda. Katika jaribio usichomoe waya wa swichi, kwani hapo poti huanguka na hitilafu hujulikana mara moja. Zima redio iliyo mjini Amu, si ile ya Shela, subiri sekunde 40, kisha ukiwa mjini piga ping 10.255.0.3. Isipojibu, nenda kwenye swichi uandike `ping 10.20.1.5 source loopback 0`, ambapo 10.20.1.5 ni anwani ya ruta ya Manda. Hiyo ikishindwa huku ping ya kawaida inafika, ruta ya Manda ndiyo isiyo na njia ya kurudi.