Kumbukumbu ya mradi wangu: pambo la Pontiac na upande ambao dereva huutazama

Januari

Kipande kipo mezani. Ni pambo la boneti la Pontiac, gari la Kimarekani, la miaka ya mwanzo ya 1950: kichwa cha mtu cha plastiki ya rangi ya kaharabu, kimepachikwa mbele ya mwili mrefu wa metali wenye mabawa yaliyolala kuelekea nyuma. Ndani ya shingo kuna nafasi ya balbu ndogo. Enzi zake, dereva akiwasha taa usiku, uso huu uliwaka mbele yake kama kaa la moto.

Mabawa yana hali mbaya kuliko nilivyotarajia, uso una hali nzuri kuliko nilivyotarajia. Metali yenyewe ni aloi ya zinki iliyosukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu, kisha ikavikwa shaba, juu yake nikeli, na mwisho kromu. Watu wengi wakiona mng'ao ule huisifu kromu, lakini kazi kubwa inafanywa na nikeli. Kromu ya mapambo huwa nyembamba kuliko hata sehemu moja ya elfu ya milimita; inaongeza ule ubluu wa mbali na kuzuia nikeli isififie. Tundu moja lisiloonekana kwa macho linatosha. Unyevu unapenya, unaifikia zinki, zinki inatoa unga mweupe, unga unatanuka na kuinua tabaka zote zilizo juu yake. Bawa la kushoto limejaa vishimo vya namna hiyo. Nimetoboa kimoja kwa ncha ya sindano chini ya lenzi: kwa juu ni kidogo kuliko punje ya mtama, kwa chini kimechimbika na kupanuka pembeni, unga umejaa ndani.

Sijagusa kitu kingine. Kwanza nataka kujua kwa hakika mchongaji alitaka nini.

Januari, mwishoni

Nimechukua alama ya pambo zima kwa silikoni, kisha nikamimina plasta ndani yake. Sasa nina nakala nyeupe isiyong'aa, na ninawashauri wote wenye mradi wa aina hii wafanye hivyo kabla ya kushika msasa. Kromu inadanganya jicho. Inarudisha mwanga wa dirisha, mkono wako, dari, kila kitu isipokuwa umbo lake. Kwenye plasta umbo linabaki peke yake.

Nilichokiona kimeubadilisha mpango wote. Kwa mbele mabawa ni laini, karibu yawe tambarare. Ukizungusha nakala ukaitazama kwa nyuma, kutoka juu kidogo, yaani kutoka kwenye kiti cha dereva, mifereji ya manyoya inaanza kusomeka. Kila mfereji una ukingo mmoja mkali na mmoja uliolala, ili mwanga ukipiga kutoka mbele, kivuli kimwangukie anayetazama kutoka nyuma. Aliyechonga pambo hili alimfikiria dereva. Mpita njia analiona kwa sekunde chache, dereva analitazama safari nzima.

Februari

Wakati nasubiri vifaa, nimekuwa nikiyatazama mapambo mengine kwa jicho hilo hilo, na mengi yanakubali.

Chanzo chenyewe cha mapambo haya kilimwelekea dereva. Magari ya mwanzo yalikuwa na kifuniko cha rejeta nje, juu kabisa ya pua ya gari. Harrison Boyce wa Marekani akabuni kipimajoto cha kufungwa juu ya kifuniko hicho, MotoMeter, kilichopima joto la mvuke uliokuwa juu ya maji. Dereva alikisoma akiwa kwenye usukani, bila kusimama. Kwa hiyo mahali pale palikwisha kuzoeleka kutazamwa. Sanamu zilipokaa juu ya kifuniko zilirithi jicho lililokuwa tayari pale.

Mwanamke anayesimama kwenye pua ya Rolls-Royce, Spirit of Ecstasy, alichongwa na Charles Sykes na kuanza kutumika 1911. Picha zake karibu zote zimepigwa kutoka mbele au ubavuni. Mtazame kwa nyuma: kitambaa kinachopepea kutoka mikononi kinafunguka kama mabawa, na kutoka kwenye kiti ndicho kinachoonekana kwanza. Korongo wa Hispano-Suiza, gari la kifahari la zamani, ni vivyo hivyo. Alichongwa na François Bazin kwa kumbukumbu ya rubani Georges Guynemer, aliyeuawa 1917, ambaye kikosi chake kilikuwa na nembo ya korongo. Shingo na miguu vimenyooka mstari mmoja, mabawa yanasukuma kwenda chini, na anayemfuata kwa nyuma ndiye hasa anayeuona mruko wenyewe.

Wa ajabu kuliko wote kwangu ni René Lalique, msanii wa vioo wa Ufaransa. Kuanzia 1925, alipowatengenezea Citroën farasi watano, alibuni mapambo ya vioo, karibu thelathini kwa jumla. Mengine yaliwekewa taa kwa chini, na kichujio cha rangi kati ya taa na kioo. Kioo hakina mbele wala nyuma kwa mwanga. Unaingia kwa chini na kutoka kila upande, hivyo dereva wa usiku naye alipata fungu lake. Plastiki ya kaharabu iliyo mezani kwangu ni wazo lile lile, ila lilishuka kutoka kwenye karakana ya vioo hadi kwenye gari la mtu wa kawaida. Siidharau hata kidogo kwa kuwa plastiki.

Neno moja kuhusu uso huu, kwa sababu siwezi kuusafisha bila kulisema. Pontiac alikuwa mtu. Alikuwa kiongozi wa Waodawa, mojawapo ya jamii za wenyeji wa Amerika Kaskazini, na mwaka 1763 aliongoza vita dhidi ya Waingereza katika eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, akauzingira Detroit. Mji wa Pontiac, Michigan, ulipewa jina lake, na General Motors ikaanza kulitumia kwa magari mwaka 1926. Hakuna picha inayojulikana kwa hakika kuwa ni yake. Pua hii, paji hili, manyoya haya ni mawazo ya wabunifu wa kiwanda, na watu wake hawakuulizwa. Pambo likikamilika, kibao chake kitasema hivyo. Uzuri wa kazi ya mkono nauheshimu. Jina la mwenyewe naliheshimu zaidi.

Machi

Uso kwanza. Plastiki ya zamani hairuhusu haraka. Spiriti, thina na dawa za vioo zenye amonia zote zimekaa mbali na meza, kwa sababu zinaweza kuifanya ipasuke nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na nyufa hizo hazirudi. Nimetumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha msasa wa maji kuanzia namba 1500 kwenda juu, kwa kidole, bila mashine. Mashine inaleta joto, na joto linailainisha plastiki. Pua na ukingo wa nyusi sijavigusa kabisa. Mikwaruzo miwili mitatu imebaki shavuni na nimeamua ibaki, kwa sababu kuiondoa kungekula mstari wa taya.

Nimejaribu balbu ya volti 6, kwa kuwa Pontiac za miaka ile zilitumia umeme wa volti 6 hadi mfumo wa volti 12 ulipoingia kwenye matoleo ya 1955. Mwanga ulitokea sawasawa isipokuwa shingoni, ambako vumbi la miaka lilikuwa limeganda kwa ndani. Brashi laini na subira vimelimaliza.

Machi, mwishoni

Mabawa yamekwenda kwa fundi wa kuchovya metali. Kazi hii sifanyi nyumbani na sipendi kuona watu wakihimizwa kuifanya: kromu ya dimbwi la kizamani ina kemikali inayosababisha saratani, na dimbwi la kwanza la shaba juu ya zinki kwa kawaida lina sianidi. Zinki haivumilii asidi, ndiyo maana haiwezi kuanza na dimbwi la shaba lenye asidi.

Tulikaa na nakala ya plasta katikati yetu. Nikamwambia, "Fundi, mifereji ya nyuma ndiyo roho ya kitu hiki. Mbele ikibaki na alama, sitalalamika." Akapitisha ukucha kwenye mfereji mmoja, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi gurudumu la kung'arishia halitaingia huku. Huku tutatumia kijiti na kitambaa." Hapo nikajua nimempata mtu wa kazi.

Mpango wake ni huu: kuvua kromu na nikeli, kuchimba kila kishimo hadi zinki safi, kuvika shaba nyembamba, kujaza vishimo kwa lehemu ya joto la chini, kusawazisha kwa msasa, kisha shaba tena, nikeli na kromu. Joto ndilo hatari kubwa kwenye kujaza, kwa sababu aloi hii huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 380 za Selsiasi.

Aprili

Shaba ya pili imeshika. Mabawa sasa ni mekundu mazima, na kwa rangi hii mifereji inaonekana vizuri kuliko itakavyoonekana tena. Nimepiga picha nyingi kutoka nyuma. Nimelinganisha na plasta mfereji kwa mfereji: kingo za bawa la kulia ziko kamili, za kushoto zimepungua ukali pale vishimo vilipokuwa vimesongamana. Fundi atazirudisha kwa patasi ndogo kwenye shaba kabla ya nikeli.

Nimekuwa pia nikifikiria namna ya kulisimamisha. Ulaya, kanuni za magari zinataka pambo linalochomoza juu ya boneti lilale, lizame au ling'oke likisukumwa kwa nguvu ya newtoni 100, ili lisimchome mtu anayegongwa. Ni sheria ya haki, na sitaki kulirudisha barabarani lilivyo. Litakaa kwenye kipande cha mti mgumu chenye mteremko wa boneti, usawa wa jicho la mtu aliyeketi, uso ukitazama ukutani na mabawa yakimtazama mgeni. Nyaya zitapita chini hadi kwenye transfoma ya volti 6.

Kilichobaki ni nikeli, kromu, na gasketi ya mpira kati ya kitako na mti ili unyevu usijifiche pale tena. Gasketi nimeshaikata kwa kufuata kitako cha plasta.