Vituo vidogo vya skii Japani: lifti ya kiti kimoja, theluji nzito na pesa mkononi

Mgeni akitaja skii Japani, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni, kwa kawaida anazungumzia vituo vikubwa kama Niseko au Hakuba. Lakini nchi ile ina mamia ya vituo vya skii, na vingi ni vidogo: lifti mbili tatu (viti vinavyoning'inia kwenye waya na kukupandisha mlimani), kantini moja, kibanda cha tiketi na wafanyakazi wachache wanaofahamiana kwa majina. Mchezo wenyewe ulishika mizizi mwaka 1911, Meja Theodor von Lerch wa jeshi la Austria-Hungaria alipowafundisha askari wa Japani huko Takada, mkoani Niigata. Fedha zilipofurika miaka ya 1980, vituo vilijengwa kila upande. Wateja walianza kupungua miaka ya 1990, na vituo vidogo vikakosa fedha za mitambo mipya. Ndiyo maana leo bado unaweza kupanda lifti ya zamani ya kiti kimoja.

Mfano mzuri ni kituo cha Seki Onsen, eneo la milima la Myoko, mkoani Niigata. Kuna lifti mbili tu, moja ya watu wawili na nyingine ya mtu mmoja. Kutoka Tokyo unapanda treni ya mwendo kasi, Shinkansen ya Hokuriku, hadi Nagano, kama saa moja na nusu, kisha treni ya kawaida kuelekea Myoko. Usikidharau kituo kwa uchache wa lifti. Upepo baridi wa Siberia huvuka Bahari ya Japani ukifyonza unyevu, halafu hugonga milima hii na kumwaga theluji usiku kucha. Mlima haujui aliye chini ana lifti ngapi. Kwenye vituo vikubwa theluji hiyo huvurugwa kabla ya saa nne asubuhi. Hapa, siku ya kazi, utaikuta safi hadi mchana.

Lifti ya kiti kimoja ndiyo inayowasumbua wengi. Viti vimebanwa moja kwa moja kwenye waya, havijitenganishi kupunguza mwendo kituoni kama vya kisasa, hivyo kiti kinakufikia kwa mwendo uleule wa waya, kama mita 2 kwa sekunde. Mara nyingi hakuna chuma cha kukukinga mbele wala pa kuegemeza miguu. Begi livae kifuani kabla hujafika kwenye foleni, kwa sababu mikanda ya begi la mgongoni hunasa kwenye kiti na wakati wa kushuka unabaki umening'inia. Shika fimbo zote kwa mkono mmoja, mwingine uwe huru kushika chuma kinachobeba kiti. Kiti cha mwenzako kikishapita, songa mara moja hadi alama ya kusimamia, skii zielekee mbele, ugeuze kichwa ukitazame kinachokuja. Kikikugusa nyuma ya magoti, kaa. Mhudumu hukishika kidogo na kukipangusa kwa ufagio. Mpe nafasi afanye kazi yake, maana ukikalia theluji suruali itakuwa imelowa kabla ya chakula cha mchana.

Ukikaribia juu, inua ncha za skii, subiri ziguse theluji, simama, kisha teleza ukiondoka kwenye njia ya viti. Ukipitiliza, usiruke. Baki umekaa, mbele kuna waya wa usalama unaosimamisha mtambo. Ukianguka pale pa kushukia, lala chini na kichwa usikiinue, kwa sababu kiti kinachofuata kinakuja usawa huohuo.

Baada ya usiku wa theluji nyingi, lifti inaweza kuchelewa kufunguliwa. Theluji huwa imepanda hadi karibu na viti, na lazima watu waichimbe kwanza, sehemu nyingine kwa koleo. Upepo mkali nao huisimamisha kabisa. Hapo hakuna wa kumlaumu.

Kwenye theluji isiyopangwa kwa mashine, hatari kubwa iko kando ya miti. Matawi huzuia theluji isishikane kuzunguka shina, hivyo panabaki shimo lililofichika, na anayetumbukia humo kichwa chini anaweza kukosa hewa. Teleza na mwenzako mkiwa mnaonana, fungeni filimbi shingoni. Ukiteleza kuelekea shina, likumbatie, kichwa kibaki juu. Skii ikichomoka, itafute upande wa juu wa mahali uliposimama: chana theluji kwa fimbo, mistari inayokata mteremko, ukipanda polepole. Wengi huhangaika upande wa chini na kupoteza nusu saa. Kamba zilizofungwa kuzuia njia ziheshimu. Ukizivuka unaweza kunyang'anywa tiketi, na gharama za kukutafuta zinaweza kukuangukia wewe.

Theluji ya Honshu, kisiwa kikuu kilipo Myoko, ina unyevu kuliko ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini. Beba jozi mbili za glavu na kitambaa kikavu cha miwani.

Pesa taslimu ni lazima. Kadi inaweza kukataliwa kibandani na kantini pia, na mashine ya kuuzia tiketi za chakula mara nyingi haipokei noti ya yen 10,000. Vunja noti mapema dukani. Tiketi ya siku nzima kwenye vituo vya aina hii mara nyingi ni chini ya yen 5,000, na pengine utapata ya nusu siku au ya safari moja moja, ambayo inamfaa anayejifunza. Vingine hufunguliwa wikiendi na sikukuu tu, kwa hiyo hakikisha kabla ya kukata tiketi ya treni. Lifti husimama karibu saa kumi au saa kumi na nusu jioni. Buti za kukodi hupimwa kwa sentimita. Namba 43 ni karibu 27.5, na zaidi ya 30 ni bahati kupata.

Ukilala kwenye nyumba ndogo ya wageni, chakula cha jioni huwa karibu saa kumi na mbili, na mpishi ndiye mwenye nyumba. Kuchelewa ni kumkosea. Oga kwa sabuni ukiwa umekaa kwenye kigoda, suuza povu lote, ndipo uingie kwenye bwawa la maji moto wanaloshiriki wageni wote. Taulo lisiguse maji. Buti zako ziache chumba cha kukaushia, ukizifungua na kutoa viatu laini vya ndani, la sivyo asubuhi zitakuwa bado na majimaji.

Wenye gari waweke tairi za theluji, bila hizo usipande mlima. Gari la dizeli lijazwe mafuta karibu na kituo, kwa sababu dizeli inayouzwa maeneo ya joto huganda kwenye baridi kali na injini haiwaki. Unapoegesha usiku, inua waipa, weka gia ya P, usivute breki ya mkono maana inaweza kuganda ikiwa imefunga. Asubuhi ondoa theluji yote, ya juu ya paa ikiwemo. Ukiiacha, breki ya kwanza itaimwaga yote kwenye kioo cha mbele, nawe uko kwenye kona.