Lile wingu la bapa pale Mwaloni

Juzi alfajiri nilikuwa Kirumba Mwaloni, Mwanza, nasubiri dagaa, mitumbwi ndo inarudi mmoja mmoja, bamdogo akanishika bega akanionyesha kule Ziwa Viktoria, "ng'wanawane lione lile, likishatandaza kichwa hivyo jua chini yake kuna watu wanaloa." Lilikuwa limesimama kama mgunga, shina jeusi, juu bapa kabisa.

Sasa mimi shuleni nilikaririshwa matabaka ya hewa, troposfia, stratosfia, mesosfia, themosfia, nikapata vema zangu nikasahau, hakuna aliyeniambia kwamba mpaka wa tabaka la kwanza na la pili unaweza kuuona kwa macho ukiwa umekalia kreti la soda. Ndo palepale wingu lilipokatwa bapa.

Iko hivi. Usiku nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na joto lake, kwa hiyo upepo unatoka pande zote kuja ziwani, ukikutana kule katikati hauna pa kwenda zaidi ya juu, tena unapanda na mvuke. Kila kilomita moja baridi inaongezeka, wastani nyuzi 6 na nusu hivi, mvuke unageuka matone, na ukigeuka unaachia joto, basi hewa inazidi kupanda tu. Mpaka ifike stratosfia, na huko mambo yamegeuka, gesi ya ozoni inanyonya miale mikali ya jua kwa hiyo ukipanda joto ndo linaongezeka. Hewa ya wingu inajikuta nzito kuliko ya pale, haipandi tena, inasambaa pembeni kama moshi wa jiko ukigonga bati.

Na bati letu sisi wa Ikweta liko juu sana, kilomita 16 mpaka 18, kule ncha za dunia ni 8 au 9 tu. Letu ni Kilimanjaro tatu zimebebana! Ndo maana radi za ziwa hili si za kitoto.

Hewa yenyewe nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni karibu 1, hewa ukaa haifiki hata 0.05. Halafu mvuke, ambao vitabuni unatajwa mwishoni kama mtoto wa kufikia, kumbe ndo unaolisha hizo radi. Mesosfia na hao wengine siwagusi, vimondo vinaungulia huko, dagaa haviwahusu.

Nikamweleza bamdogo yote hayo. Akauliza, "na likitoboa hilo bati?" Nikasema yapo yenye nguvu hivyo, kichwa kinatokeza kidogo juu ya bapa halafu kinarudi. Akacheka, "hicho kinundu nakijua, nikikiona sishushi mtumbwi."