Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoka Rejista ya Komini Hadi Meza ya Nyumbani

Saa kumi na moja alfajiri ninawasha mbabula, jiko letu la makaa, nyumbani kwetu Katuba na kuwachemshia watoto chai, na kabla ya saa moja nimekwisha kupanda basi dogo kuelekea komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ninakofanya kazi hapa Lubumbashi, Kongo. Huu ni mwaka wangu wa tisa wa kuongoza ofisi ya etasivili, mahali ambapo watoto huandikishwa na vifo hutangazwa.

Saa moja na nusu, kabla dirisha halijafunguliwa, ninasimama mbele ya foleni na kutangaza kwa sauti kwamba mtoto anayeletwa ndani ya siku 90 tangu azaliwe huandikishwa bure. Mwanzoni makarani wangu walinuna, kwa kuwa tangazo hilo liliua matabishi, yaani pesa za chini ya meza, nami sikuwalaumu sana, maana najua mshahara wetu ulivyo. Lakini mama muuza nyanya asiyejua kwamba hadaiwi kitu hukaa nyumbani akitafuta pesa hadi siku hizo zinapita, kisha hulazimika kutafuta hukumu mahakamani, yenye gharama kubwa kuliko matabishi yenyewe. Nchi yetu haijafanya sensa tangu 1984. Mtoto tusiyemwandika huenda asihesabiwe popote.

Saa nne kazi imepamba moto. Katika mwaka wangu wa kwanza niliruka herufi moja katika jina la mtoto, na baba yake akalazimika kwenda mahakamani kuomba lisahihishwe. Nilifuatana naye, nikamweleza hakimu kwamba kosa ni langu. Tangu siku ile sitii sahihi mpaka mzazi asomewe jina herufi kwa herufi, na asiyejua kusoma huchagua mtu yeyote kwenye foleni amsomee. Kuna wakubwa wanaoona kwamba kukaguliwa na raia ni kudharauliwa. Mimi naona kwamba kiongozi asiyekubali daftari lake lisomwe na mwingine ameanza kulichukulia kuwa mali yake.

Saa sita na nusu tunakula, na kwa kuwa leo ni siku ya likelemba, mchango wetu wa kupokeana kwa zamu, karani mdogo kuliko wote ndiye anayehesabu. Tuna daftari mbili, moja kwangu na moja kwake, na zote hutiwa sahihi palepale. Mimi hupokea zamu ya mwisho, kwa sababu mkubwa akitangulia kupokea, walio chini yake hawathubutu kumdai akichelewa kuchanga.

Saa tisa na nusu, tukiwa tunafunga, akaingia msichana mwenye mtoto mgongoni.

"Mama Shefu, nisamehe, nimetoka mbali."

Nikachukua karatasi ya hospitali, nikahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, nikahesabu tena. Ilikuwa siku ya 90. Umeme ulikuwa umekatika na chumba kina kiza, kwa hiyo karani mmoja alishika simu yake juu ya rejista huku nikiandika polepole, mtoto akinyoosha mkono kuelekea mwanga. Sikumwamuru karani abaki. Alivua koti alilokwisha kuvaa, akarudi mwenyewe. Jambo hilo limenifurahisha kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa na wakubwa wangu.

Saa mbili usiku, baada ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu), ninaweka mezani daftari la matumizi ya nyumbani. Kwa miaka mingi niliwadai makarani hesabu za wazi huku mume wangu hajui mshahara wangu unaishia wapi, wala mimi sijui wake. Sasa tunasomeana. Leo binti yetu ndiye aliyejumlisha, akakuta pungufu ya faranga 2,000.

"Mama, hizi zilienda wapi?"

Nilikuwa nimemlipia nauli yule msichana, nikasahau kuandika. Nikachukua kalamu, nikaandika.