Siku moja ya Machi uani kwangu Luchelele: cherehani, kumbikumbi na wageni wa masika

Saa 12 asubuhi. Mwanza jua halina haraka, mwezi huu linachomoza karibu na saa 1. Natoa cherehani kibarazani bado giza giza, najaza maji karai lililo chini ya mpera, namwaga chenga za mtama kwenye ungo mkuukuu. Chenga hizo, tuelewane, si za wageni wangu, yaani ndege wa safari. Ni za wenyeji: tetere, shomoro, na wale kwera wanaopiga kelele kutwa kwenye viota vyao kwa jirani. Mbayuwayu hata umwagie gunia zima hatui. Chakula chake ni mdudu anayeruka, na anamlia hukohuko hewani.

Saa 1. Nyaya za umeme zimejaa hao mbayuwayu. Wamekaa wanachambua manyoya, na mimi kwa macho ya fundi sichoki kuwatazama. Mwezi wa 11 walipofika walikuwa wamepauka, mikia mifupi. Sasa mgongo unang'aa bluu, koo limeiva rangi ya kutu, na zile nyoya mbili za mkia zimerefuka. Nguo mpya wanazivalia huku kwetu ili wakaolee nazo Ulaya na Asia, maana kule majike huwapenda madume wenye mikia mirefu. Ndege wa gramu 20 hivi! Na mbele yake kuna jangwa.

Saa 3. Nina sare za kwaya za Pasaka, kitambaa cha zambarau kinachoteleza vibaya sana. Babu wa nyumba ya pili anapita na ng'ombe wake.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, baba. Za kuamka?"

"Salama. Haya majani yako utayafyeka lini? Nyoka hao."

Nacheka tu. Nyuma ya ng'ombe wake anatembea mgeni mwingine, kidege chembamba cha tumbo la njano, mkia haupumzi kutikisika. Kila ng'ombe akiinua kwato, panzi anaruka, kidege kinamdaka. Babu hajageuka.

Majani yenyewe ni kipande cha nyuma ya shimo la taka. Sikifyeki, sikipigi dawa. Watu wananiuliza nawalisha nini hawa ndege wa safari, wakidhani nina siri ya mbegu. Nawaachia wadudu, basi. Ukipulizia dawa uani halafu ukaweka ungo wa mtama, umewapikia shomoro na kuwanyima chakula waliokuja kutoka mbali.

Saa 5, katibu wa kwaya kaja kupima. Kiuno kimeongezeka tangu Februari. Tumesameheana.

Saa 8. Mvua kubwa, nusu saa, kisha jua kali. Nikajua leo ipo! Kwenye kichuguu kilicho kando ya mwamba, kumbikumbi wakaanza kutoka, kwanza mmoja mmoja, halafu wakafumka. Cherehani nikaiacha na sindano ndani ya kitambaa. Mbayuwayu walishuka mpaka usawa wa kamba ya nguo, unasikia mdomo ukifunga "tap". Juu yao mwewe anadaka kwa kucha na kula akiwa anaruka. Chini kuku. Katikati watoto wa mtaa na mabeseni, wanagombana na kuku. Keremkerem wakatua kwenye waya, koo la njano, mgongo wa hudhurungi. Huyu akidaka nyuki, humpigapiga na kumsugua kwenye tawi mpaka mwiba utoke na sumu yake, ndipo ameze. Leo hana kazi hiyo, kumbikumbi anashuka moja kwa moja. Hizo ndizo siku wanazojaza mafuta ya safari. Na mimi nilipata bakuli langu la kumbikumbi, wamekaangwa na chumvi tu. Asiyependa shauri yake.

Saa 10. Karai lina foleni. Kindege cha kijani-njano kinadokoa wadudu mperani, hakitulii. Aina hii ndiyo mtafiti wa ndege Mjerumani Eberhard Gwinner aliifungia ndani, mwanga kwa muda wa saa 12 na giza kwa muda wa saa 12 kila siku mwaka mzima, na bado msimu wa safari ulipokaribia ndege walianza kuhangaika usiku. Saa yao iko mwilini. Nikikumbuka hilo naelewa inakuwaje huku kwetu, ambako mchana na usiku karibu vinalingana daima, wajue kwamba kaskazini kumepambazuka majira mapya.

Saa 12 jioni. Ziwani wadudu wameinuka kama moshi, wanavyofanya mwezi ukiandama. Mbayuwayu wote wameelekea huko, na baadaye watalala kwenye matete. Mimi namalizia kola za sauti ya tatu.

Saa 1 usiku mama mwenye nyumba kagonga. Kasema Jumamosi anamleta kijana wa kufyeka uani, na dawa ya mbu juu.

"Mama, nivumilie mpaka Aprili iishe, wageni wangu wawe wameondoka."

"Wageni gani tena?"

Nikamweleza. Kaguna, kautazama mpera, kaniuliza gauni lake la Pasaka nitamtoza shilingi ngapi. Tumekubaliana nusu bei, na majani yanabaki.